Kichaa cha Mbwa Hakipimwi kwa Damu

Mzazi huja na mtoto aliyeumwa na mbwa, au na mmoja wa hawa paka wetu wa Mji wa Kale, na hata hajakaa kitako: "Dakta, mpime damu tujue kama kichaa kimemuingia." Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka, basi leo jibu naliandika. Damu haitaniambia kitu. Kirusi cha kichaa hakisafiri kwenye damu, husafiri kwenye neva.

Kikishaingia jerahani hudaka ncha ya neva, kikapanda nayo mpaka uti wa mgongo, halafu ubongo. Wala hakirandi ovyo: hutoka seli moja kwenda ile iliyoungana nayo, pale pale zinapopashana habari. Mfikirie mtu atokaye mtaa wa Ndia Kuu hadi mtaa wa Kuze bila kukanyaga njia, akipita nyumba kwa nyumba kwa milango ya ndani. Mfuate, utajua nani hufunguliana mlango na nani.

Wataalamu wamemfuata. Mwaka 1995 Gabriella Ugolini alionyesha kwamba kirusi hiki chafaa kuchorea njia za neva. Mwaka 2007 Ian Wickersham, Edward Callaway na wenzao huko California walikinyang'anya jeni ya protini ya gamba inayokivusha, wakakipa ya kung'aa kijani, rangi iliyotoka kwa konyeza wa baharini. Protini ya kuvukia wakaziwekea seli za mwanzo pekee. Kirusi kikavuka mlango mmoja, kikakwama, kikaacha nyuma seli zinazong'aa. Ndivyo maabara zinavyochora ramani za ubongo wa panya hadi leo.

Sasa nieleze jiwe jeusi, lile ambalo waganga hulibandika jerahani, lafanya nini kwenye safari hiyo. Kwanza si jiwe, ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Hung'ang'ania jeraha kwa sababu lina vitundu vinavyonyonya majimaji, kama kigae kikavu kinavyoganda ulimini. Watu wakaona limeganda, wakasema lavuta sumu. Sumu ipi? Lanyonya damu, na adui hayumo damuni! Likidondoka huambiwa limeshiba, limelowa tu. Sifa zake zatoka wapi? Mbwa wengi wanaouma hawana kichaa, na hata mwenye nacho si kila anayemuuma huugua. Jiwe limewaponya wazima. Yule aliyeambukizwa kweli kidonda chake hufunga vizuri, mganga akalipwa, na baada ya miezi miwili mitatu mtoto anaogopa maji ya kunywa. Hapo hata mimi sina dawa. Karibu wote hufa.

Ule mwendo wa polepole wa kirusi ndiyo nafasi yetu, ila aliyeumwa usoni ana njia fupi zaidi kuliko aliyeumwa kisigino. Kwa hiyo: bomba na sabuni, dakika 15, papo hapo. Hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo ni dozi kadhaa, usiache katikati. Jeraha lililotoa damu hudungwa pia kingamwili. Mjamzito achanjwe, mtoto mchanga achanjwe. Mnyama akijulikana msimuue, afungwe siku 10 aangaliwe, lakini chanjo ya aliyeumwa haimngojei. Na paka wako mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla hajamuuma mtu.

Ukija kwangu, njoo na jeraha lililooshwa. Damu ya mtoto siihitaji.