Nukta ya Mwenzako Msituni

Kila Novemba, kuanzia Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Shukrani, misitu ya jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, hujaa watu. Ni malaki ya wawindaji wa kulungu wenye mkia mweupe, na msimu mkuu wa bunduki ni wa siku tisa tu. Wengi hupenda kuwinda kwa msako. Kundi hugawanyika mara mbili: wafukuzaji hupanga mstari na kuingia kichakani, waviziaji hutangulia upande wa pili na kungoja. Kulungu akisikia vishindo hutoka mbio, na huko anakokimbilia ndiko bunduki ziliko.

Mtu aliyekulia kijijini Afrika Mashariki ataujua msako huo mara moja, maana ndivyo nguruwe pori wanavyofukuzwa mashambani. Kinachobadilisha mambo ni silaha. Risasi ya bunduki ya kulungu huweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na mfukuzaji anatembea kuelekea kwa mwenzake aliyeweka kidole karibu na kifyatulio. Ndiyo maana mwaka 1980 Wisconsin ilianza kuwalazimu wawindaji wa msimu wa bunduki kuvaa rangi ya machungwa iliyokolea, ingawa tangu 2016 waridi iliyokolea nayo inakubaliwa. Lakini rangi humsaidia anayeiona. Mtu aliye nyuma ya kilima au katikati ya misonobari iliyobanana haonekani hata akivaa moto.

Hapo ndipo kinapoingia kifaa kinachounganisha GPS na simu ya upepo katika mkono mmoja. Kinachojulikana zaidi ni Rino ya kampuni ya Garmin, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2000. Garmin ilianzishwa Kansas mwaka 1989 na wahandisi wawili, Gary Burrell na Min Kao, na jina lake limeunganishwa kutokana na majina yao ya kwanza. Kifaa chenyewe kina umbo la simu ya upepo ya kawaida, kinene kidogo, chenye antena fupi juu na kioo kinachoonyesha ramani.

Watu wengi hudhani GPS hutuma habari za mahali ulipo. Haitumi kitu. Setilaiti zake, zilizo juu kiasi cha kilomita 20,200, hutangaza saa na mahali zilipo, na kifaa husikiliza tu na kupiga hesabu. Kikishajua kilipo, ujuzi huo unabaki mkononi mwa mwenye nacho. Kinachoupeleka kwa wenzake ni redio. Mwindaji akibonyeza kitufe na kusema, “Nimefika kijitoni,” kifaa hutuma pamoja na sauti mlio mfupi wa data wenye namba za mahali alipo. Kwenye vioo vya wenzake nukta yenye jina lake husogea hadi kijitoni. Hakuna mnara wa simu, wala vocha, wala bando.

Jambo hili lisingefaa miaka michache kabla ya Rino kuingia sokoni. Hadi Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikivuruga makusudi mawimbi ya GPS ya raia, hivyo kifaa kiliweza kukosea hadi mita 100. Katika msako, mita 100 ni tofauti kati ya mtu aliye mbele yako na aliye nyuma yako. Leo, mahali pa wazi, kosa ni mita chache, ingawa chini ya miti mirefu na ndani ya mabonde huongezeka.

Upande wa redio una masharti yake. Nchini humo simu ndogo za upepo za huduma ya familia, iliyoanzishwa 1996, hazihitaji leseni na nguvu zake haziruhusiwi kuzidi wati 2. Rino kubwa, zenye wati 5, huingia katika huduma nyingine inayotaka leseni ya dola 35. Leseni hiyo hudumu miaka 10, haina mtihani, na humhusu mwenye nayo na familia yake. Data nayo imebanwa: mlio usizidi sekunde moja, na kwa kawaida usirudiwe kabla ya sekunde 30 kupita, ili chaneli zisizibwe.

Mnunuzi na asidanganywe na makasha yanayoahidi kilomita 30 na zaidi. Mawimbi haya husafiri karibu kama macho yanavyoona. Watu wawili wa kimo cha kawaida, wakisimama kwenye tambarare tupu, hufikia kama kilomita 10, kisha mzingo wa dunia unawakata. Ndani ya msitu wenye vilima, kilomita mbili tatu ni bahati. Aliye juu ya kilele husikika mbali sana, na aliye bondeni hupotea hata kama yuko karibu. Wawindaji wazoefu huliweka hilo akilini wanapochagua nani akae wapi. Huweka pia betri ya akiba ndani ya koti, karibu na kifua, kwa sababu baridi ya Novemba huinyonya betri kabla ya saa zake.

Hatari kubwa kuliko zote imo kwenye nukta yenyewe. Kioo hakikuonyeshi mwenzako alipo. Kinakuonyesha alipokuwa mara ya mwisho redio yake iliposikika. Mtu anayetembea kilomita nne kwa saa huacha karibu mita 67 nyuma kila dakika. Nukta ya dakika tatu iliyopita iko mita 200 kutoka kwa mwenye jina. Kwa hiyo haiwezi kuwa kibali cha kufyatua risasi upande unaoonekana mtupu. Kazi yake ni kukuzuia, na kukuambia pa kumtafuta mtu asiyerudi.

Sheria nazo hazikubaliani. Minnesota, jirani wa Wisconsin, inakataza kutumia redio kuua wanyama wa kuwindwa, wakubwa kwa wadogo. Wisconsin huruhusu mwenzako wa kundi akuulie kulungu kwa kibali chako, mradi mnaonana au mnasikiana kwa sauti isiyokuzwa na chombo, redio haihesabiwi. Klabu ya Boone and Crockett, iliyoasisiwa na Theodore Roosevelt mwaka 1887, haiandiki katika rekodi zake mnyama aliyetafutwa au kufuatwa kwa msaada wa vifaa vya elektroniki. Klabu hiyo iko sahihi. Mnyama anayefukuzwa na watu wanane wanaonong’onezana njia yake yote ameshanyimwa nafasi ya kuponyoka, na mtu anayejiita mwindaji anapaswa kumwachia nafasi hiyo. Kifaa kitumike kuwajua wenzako, kisitumike kumwambia aliye mbele kwamba kulungu anakuja kushoto.

Afrika Mashariki teknolojia hiyohiyo iko upande wa wanyama. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1977, na katika hifadhi ya Lewa, kama ilivyo Grumeti nchini Tanzania, redio za askari wa doria hutuma mahali walipo hadi kwenye kioo cha chumba cha mawasiliano, kupitia mfumo uliozaliwa katika kampuni ya Paul Allen, mwasisi mwenza wa Microsoft. Anayefikiria kubeba Rino kutoka Marekani ajue kwamba masafa yanayotumika kule si huru huku. Aulize kwanza mamlaka ya mawasiliano.

Turudi Wisconsin, jua likishuka. Msako umekwisha, risasi zimetolewa kwenye bunduki, na kiongozi anaita majina moja moja kwenye simu ya upepo. Saba wanajibu. Nukta ya wa nane iko kando ya kijito, na ni ya dakika kumi na mbili zilizopita. Anaitwa tena, kimya. Wawili wanachukua tochi na kushuka wakifuata nukta. Hawajafika mbali redio inakwaruza na nukta inaruka mita 300, juu ya ukingo wa bonde. Alikuwa chini ambako mawimbi hayafiki, akiburuta kulungu kwa pembe, mikono yote miwili imejaa.