Mmea Bora Usichumwe: Ndio Mbegu ya Msimu Ujao

Katika bustani nyingi za nyumbani, kuanzia Kitale hadi Kimilili na Chwele, kuna lalamiko moja: saga inatoa maua kabla haijatoa majani ya kutosha sufuria moja. Wengi hulaumu udongo au mvua. Mara nyingi tatizo ni mbegu, na mbegu hiyo ilichaguliwa nyumbani.

Mmea wenye majani mapana huchumwa kila jioni mpaka unachoka. Ule uliokimbilia maua hauna cha kuchumwa, kwa hiyo unaachwa, unakauka, na mbegu zake ndizo zinazohifadhiwa. Misimu michache ikipita, familia inakuwa imejichagulia mboga ya kuzaa maua upesi. Dawa ni kufanya kinyume. Mimea bora 10 au zaidi ifungwe vitambaa mapema, na kila mtu nyumbani ajue kwamba haichumwi. Inayowahi kutoa maua ing'olewe, ipikwe.

Kitale ndiko nyumbani kwa Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1956, na mahindi chotara yamewazoesha wakulima kununua mbegu kila msimu. Kwa mahindi hayo ni sawa, kwa sababu mbegu ya chotara ikirudiwa huzaa mchanganyiko. Vivyo hivyo kabichi na nyanya chotara za pakiti. Lakini saga, managu, mrenda, mitoo na kunde za kienyeji si chotara. Mbegu yake hurudiwa miaka na miaka, ikitunzwa.

Utunzaji hutofautiana. Kunde ni rahisi: maganda yakauke shambani, yapukuchuliwe, na mbegu zichanganywe na jivu kavu lililochekechwa ili wadudu wasizitoboe. Managu huvunwa matunda yakiwa yameiva kabisa, yakapondwa ndani ya maji na kuoshwa mpaka utelezi wote uishe, kisha mbegu zikaanikwa kivulini juu ya sahani. Karatasi haifai; mbegu hunata.

Saga huhitaji macho. Maganda yakigeuka manjano yavunwe, kwani yakisubiri siku chache hupasuka na kumwaga kila kitu. Halafu mbegu yake hulala: ikipandwa ikiwa mpya huota kidogo sana, na mkulima hudhani imekufa. Ikae miezi 3 au zaidi. Mrenda nao una ganda gumu. Mbegu hufungwa katika kitambaa, hutumbukizwa kwa sekunde kama 10 katika maji yaliyotoka kuchemka, kisha hupozwa kwa maji baridi kabla ya kupandwa.

Adui mkubwa ghalani ni unyevu. Mbegu iliyokauka vizuri iwekwe katika chupa yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vipande vya makaa makavu, mahali penye giza mbali na moshi na joto la jikoni. Chupa iandikwe jina la mboga na mwezi wa kuvuna. Mifuko ya plastiki hutobolewa na panya, na aliyewahi kupoteza mbegu ya mwaka mzima kwa usiku mmoja anajua.

Kuhusu sheria, wakazi wengi walikuwa na hofu, na haikuwa ya bure. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea iliweka adhabu ya hadi miaka 2 gerezani au faini ya hadi shilingi milioni 1 kwa kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijaidhinishwa. Kundi la wakulima lilikwenda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikaamua kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kuhifadhi na kugawana mbegu za kienyeji vinakiuka Katiba. Kifungu cha 11 cha Katiba chenyewe kinataka mbegu za asili zilindwe. Kughushi pakiti za kampuni, hata hivyo, kumebaki kosa.

Kabla ya mvua za Machi, mbegu 20 zifungwe katika kitambaa chenye unyevu na kuwekwa mahali penye joto kwa wiki moja. Zikiota 16, zipandwe kama kawaida. Zikiota 10, zimwagwe kwa wingi zaidi kitaluni. Zikiota chini ya hapo, ni heri kumwomba jirani mbegu mapema, wakati bado anazo.