Umiliki wa Kudumu wa Ardhi (3): Milele ya Nani?

Makala iliyopita iliishia mwaka 1923, Waingereza walipotunga sheria iliyoweka ardhi ya Tanganyika chini ya Gavana. Si yote, hata hivyo. Mashamba ambayo walowezi walikwisha kuyapata kwa hati za Kijerumani yaliachwa katika umiliki wa kudumu: mali isiyo na ukomo, ambayo mwenyewe anaweza kuiuza, kuirithisha au kuiacha iote magugu.

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ikapendekeza umiliki wa namna hiyo uenezwe hata kwa Waafrika. Ilionekana kama hisani. Julius Nyerere aliipinga katika andiko lake "Mali ya Taifa": maskini watauza, wenye fedha watanunua, na wananchi watageuka wapangaji katika nchi yao. Hoja hiyo ndiyo iliyoshinda. Mwaka 1963, baada ya Uhuru, umiliki wa kudumu uligeuzwa kuwa upangaji wa Serikali wa miaka 99.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 haikurudi nyuma. Ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Hati ya kiwanja cha mjini haivuki miaka 99, nayo ina masharti: kodi ya pango la ardhi ilipwe, kiwanja kiendelezwe. Anayeyavunja anaweza kufutiwa miliki.

Ajabu iko vijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo inaruhusu raia apewe hakimiliki ya kimila isiyo na kikomo cha muda. Kwa kipimo cha miaka pekee, mkulima wa Namtumbo mwenye hati hiyo anamzidi mwenye ghorofa Kariakoo. Madalali hawalitangazi hilo!

Kenya ilishika njia nyingine. Umiliki wa kudumu ungalipo, lakini Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010 imeuweka kwa raia. Mgeni hukodi kwa miaka isiyozidi 99. Ile mikataba ya miaka 999 waliyojipatia walowezi, ikiwa mikononi mwa asiye raia, imekatwa hadi 99. Hata raia naye, barabara ikihitajika kupita shambani kwake, Serikali yaweza kulitwaa, mradi imlipe fidia ya haki bila kuchelewa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, msomaji aulize muda uliobaki kwenye hati, si ukubwa wa kiwanja tu. Sehemu ijayo itachambua wakfu wa Pwani.