Juani: Mchezo usio na refa, ila kadi nyekundu ipo

MWAMBIE shabiki wa Simba au Yanga kwamba kuna mchezo hauna refa, hauna kiingilio, na mshindi anaambulia kuandika jina lake kwenye kikaratasi tu. Atakucheka. Lakini mchezo huo upo, na Kisiwa cha Juani kule Mafia kina uwanja wake tayari.

Unaitwa jiokashi: kusaka kopo lililofichwa, ukiongozwa na simu inayosoma setilaiti. Ulianza Marekani Mei 3, 2000, siku moja tu baada ya serikali ya huko kuacha kuvuruga makusudi ishara za GPS kwa raia. Dave Ulmer alificha ndoo porini katika jimbo la Oregon, akatangaza namba za mahali ilipo. Sharti lilikuwa moja: chukua kitu, acha kitu. Hazikupita siku tatu, ndoo ikapatikana.

Kila kopo hupewa alama mbili, kuanzia 1 hadi 5: ugumu wa kulitafuta na ugumu wa njia. Njia ya 5 inataka vifaa maalumu, kama kamba ya kukwea. Hapo jiokashi inakutana na ukweaji miamba, mchezo uliocheza Olimpiki yake ya kwanza Tokyo mwaka 2021. Jirani zetu Kenya wana Fischer's Tower pale Hell's Gate, nguzo ya mwamba ya mita 25 hivi. Hata asiyewahi kukwea hufungwa kamba, akapanda na mwongozaji.

Sasa njoo Juani. Kisiwa hiki ni jiwe la matumbawe ya kale. Kingo zake zimelambwa na mawimbi kwa chini mpaka juu pamebaki kama paa. Si mrefu huo mwamba, na kijana aliyezoea kupanda minazi atauona kama ngazi. Ndipo mtego ulipo. Jiwe hilo linakata kama wembe, vipande vinakatika, na chumvi inakula chuma. Kwenye miamba ya bahari kule Railay, Thailand, hata bolti za chuma kisichoshika kutu zilikatika, wakweaji wakahamia titani. Sasa bolti ya kawaida ya dukani itafika wapi?

Kishawishi cha pili ni magofu ya Kua, yenye misikiti na kuta za mawe na chokaa katikati ya mibuyu. Ukuta unakuita upande. Usithubutu, hiyo ni kadi nyekundu ya moja kwa moja. Mambo ya kale yana sheria yake tangu mwaka 1964, na jiwe likishaanguka Kua hakuna benchi la kuleta mbadala.

Upande wa mashariki nako kasa hutaga mchangani. Msakaji akichimbachimba usiku, kiota kimekwisha. Bahati nzuri, kanuni za jiokashi zenyewe zinakataza kufukia kopo, na zinataka ruhusa ya wenye eneo. Hapa maana yake ni kubisha hodi kijijini na kwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995.

Kwa hiyo ushauri wetu ni mpira wa chini kwa chini. Kopo likae kando ya njia, mbali na kuta za Kua na mchanga wa kasa. Mwamba tuutazame tu. Anayetaka kamba aanzie Hell's Gate, kwenye waongozaji.

Hata hivyo mechi bado ni ngumu. Simu itakuonyesha kopo liko wapi, haitakuambia maji yanajaa saa ngapi. Siku ya bamvua, mgeni aliyechelewa hapewi dakika za nyongeza. Anayejua saa ya kurudi ni nahodha wa boti na mwenyeji wa Juani. Hao wapange kwanza kwenye kikosi chako, na uwalipe vizuri, kabla hujawasha simu.