Chombo Kikipanda Trela, Nani Atakilinda Ubavu?

Ukiona vyaelea vimeundwa, walisema wahenga. Methali hii twaijua sote tangu utotoni, na twaitumia hata katika mambo yasiyo na maji wala mbao. Lakini wahenga hawakutuachia methali ya chombo kisichoelea: chombo kilicholazwa juu ya trela, kimekazwa mikanda, chavutwa na gari mbio mbio katika barabara ya Mombasa na Malindi. Siku hizi safari za namna hii zimekuwa jambo la kawaida pwani yetu. Boti ya faiba yaundwa Mombasa, mwenyewe yuko Kipini. Mashua yauzwa Kilifi, aliyeinunua ni mvuvi wa Vanga. Mwingine yuataka chombo chake kiende Mokowe upesi, asingoje upepo wa kusi umalize ghadhabu zake. Basi huitwa mwenye trela.

Chombo kifikapo na kushushwa, watu hukimbilia kutazama injini. Mimi hutazama ubavu. Na mara nyingi ubavu watia huruma. Mkanda umekula rangi hadi mbao yaonekana. Kokoto zimedonoa omo kama kuku aliyemwagiwa mtama. Pengine hata lile jicho lililochongwa na kupakwa rangi kwa mapenzi, nyota na mwezi wake, limefutika nusu. Chombo kimetoka kwa fundi bwana harusi, kimefika kama kilichopigana vita njiani.

Yuko atakayesema, rangi ni rangi tu, itapakwa nyingine. Huyo hajawahi kulipia chombo. Rangi ya chombo si wanja. Ni ngozi. Mafundi wa Matondoni na kwingineko waliijua siri hii kabla ya duka la rangi kufika pwani: mbao za juu wakizinywesha sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu isiyosahaulika, na sehemu inayokaa majini wakiipaka deheni, yaani chokaa iliyokorogwa na shahamu. Hawakufanya hivyo kwa ajili ya uzuri. Walijua kwamba pale penye mbao tupu ndipo wadudu wa baharini wanapobisha hodi, na wakishaingia hawatoki. Boti ya faiba nayo ina ngozi yake, utando mgumu ung'aao ambao mafundi huuita jelikoti. Ukikatika ukafika kwenye nyuzi za ndani, maji hupenya polepole, na baada ya muda ubavu huota malengelenge. Kwa hiyo mkwaruzo wa safari ya siku moja waweza kumla mvuvi faida ya msimu mzima.

Sasa tuulize, kwa nini bahari yenye mawimbi haifanyi uharibifu ambao barabara ya lami yaufanya? Jawabu ni kwamba maji hukibeba chombo mahali pote kwa pamoja. Hakuna kipande cha ubavu kinachoonewa. Trela hukibeba mahali pachache tu, na kila gurudumu lirukapo tuta, uzito wote huanguka hapo hapo. Na matuta ya barabara zetu, mwayajua. Wazee wetu walipojahabu chombo ufuoni walikitia gadi huku na huku, wakahakikisha kwamba mzigo mkubwa umekaa juu ya mkuku na zile gadi ni za kukizuia kisilale ubavu. Kanuni ya trela ni hiyo hiyo. Mkuku ndio ubebe. Mbao za pembeni zilizovikwa zulia, au zile rola za mpira, kazi yake ni kushikilia. Ukiona boti imeegemea pembeni na chini ya mkuku mkono wapita, usikubali iondoke. Trela hiyo haikupimwa kwa chombo hicho.

Ama adui mkubwa kuliko wote ni mchanga. Watu hudhani kwamba wakiweka gunia au kipande cha zulia kati ya mkanda na rangi wamemaliza kazi. La! Ikiwa ubavu una chumvi na mchanga, au zulia lenyewe liliangushwa ufuoni likaokotwa likakung'utwa mara moja tu, basi umeutia msasa mahali pake na ukaukaza kwa nguvu. Gari likitikisika saa nne, msasa nao wafanya kazi saa nne. Dawa yake ni maji baridi ya mfereji. Oshea chombo kabla hakijapakiwa, oshea na zile mbao za trela na mazulia yake, ngoja vikauke, kisha ndipo ufunge. Ukiweza, pakaa nta kwenye ubavu. Vumbi, wadudu na lami ya barabarani vitakaa juu ya nta, na mwisho wa safari vitatoka kwa kitambaa bila ya kusugua.

Mikanda nayo ina adabu zake. Ifungwe kwenye pembe na kingo zilizowekewa kitambaa laini kilicho safi, si mwambaa katikati ya rangi mpya. Ikazwe sawasawa, maana mkanda uliolegea ndio unaosugua, bali usikazwe hadi ubavu ukabonyea. Na madereva wenye ujuzi huupindua mkanda mrefu mara moja au mbili kabla ya kuukaza. Mkanda ulionyooka bapa hupepea kwa upepo wa safari, ukatetemeka na kuvuma, na ule mtetemo ndio huila rangi. Ukipinduliwa hunyamaza. Baada ya mwendo mfupi, gari lisimame, mikanda ikazwe tena; chombo kikitikiswa hukaa vyema na mikanda hulegea.

Turubai ni jambo ambalo watu wengi hukosea kwa nia njema. Turubai lililobana ni ngao. Turubai lililolegea ni kiboko, laupiga ubavu kutoka Mtwapa hadi Gongoni, na ncha zake huchora mistari ambayo hakuna nta ya kuifuta. Chombo kibichi nacho kisifunikwe kwa plastiki kikaachwa juani, kwani rangi itavimba. Kama hamna turubai la kukifaa chombo, ni bora kiende wazi, ila omo ikingwe. Na wa kukingwa naye si gari linalokuja mbele peke yake, bali gari lenyewe linalovuta, kwani magurudumu yake ndiyo yanayorusha kokoto nyuma. Vipande vipana vya mpira vikining'inizwa nyuma ya magurudumu, na godoro kuukuu lifungwe mbele ya omo, vitaokoa mengi. Njia za changarawe ziingiazo vijijini zataka zaidi mwendo wa pole kuliko kitu kingine chochote.

Tusidhani kwamba vyombo kupanda magurudumu ni mambo ya jana. Mwaka 1915, katika vita vya kwanza vya dunia, Waingereza walileta boti mbili za mbao, Mimi na Toutou, kutoka kwao hadi Cape Town kwa meli, kisha kwa gari moshi hadi Katanga. Kutoka hapo zilivutwa juu ya matrela kuvuka milima ya Mitumba, kwa mitambo ya mvuke na ng'ombe wengi, kisha zikaendelea kwa njia nyingine hadi zikafika Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba mwaka huo ziliiteka boti ya Wajerumani, Kingani. Na karibu zaidi na sisi, kile chombo cha Flipflopi kilichoundwa Lamu kwa taka za plastiki chini ya fundi Ali Skanda na kuvikwa kandambili za kila rangi, kilishuliwa mwaka 2018, kikaenda Unguja mwaka 2019, na mwaka 2021 kikatembea katika Ziwa Victoria. Hakuna mkondo wa maji utokao Lamu kwenda Kisumu. Kilibebwa nchi kavu.

Linalonikera zaidi katika habari hii ni ugomvi wa gatini. Mwenye chombo asema kiliondoka kizima. Mwenye trela asema mkwaruzo aliukuta. Niliwahi kushuhudia watu wawili, jirani kwa jirani, waliokatiana salamu kwa mstari usiozidi shibiri mbili. Chombo cha mtu ni amana mikononi mwa mchukuzi, na amana ina masharti yake. Basi kabla gari halijawashwa, wawili hawa na wakizunguke chombo pamoja mchana kweupe, kila alama itajwe na iandikwe, na kwa kuwa simu za picha ziko kila mfukoni, ipigwe picha. Na lipatanwe mapema, likitokea lolote rangi ni ya nani. Kutaja jambo hili kabla ya safari si kumtuhumu mtu.

Limebaki la chombo cha mbao, ambacho boti ya faiba haina haja nalo. Mbao ikikaa juani na kupigwa na upepo wa barabara hunywea, na viungo vikafunguka hata kalafati ikalegea. Kwa hiyo kisikawizwe juu ya trela, na ndani yake vitandikwe vitambaa vilivyoroweshwa. Kikifika, kisijazwe wavu na mafuta siku hiyo hiyo. Kitiwe maji ya kina kifupi, kifungwe kamba, kiachwe kinywe. Kitavuja kidogo usiku wa kwanza, mtoto mmoja akae na kata ya kufulia maji. Siku ya pili au ya tatu mbao zitakuwa zimefura na kubanana, na hapo ndipo tanga lipandishwe.