MPALILIAJI MGONJWA HAPALILII: AFYA YA KIBARUA NI FAIDA YA MWENYE SHAMBA

Je, wewe ni mwajiri? Huenda utacheka na kusema: "Mimi ni mkulima tu. Waajiri wako mjini, wana viwanda na ofisi."

Fikiri tena. Msimu wa palizi ukifika, huwaiti vibarua? Pamba ikipasuka, huwaiti wachumaji? Huna kijana anayekuchungia ng'ombe? Kama unamlipa mtu ujira akufanyie kazi, wewe ni mwajiri. Afya ya mtu huyo inakuhusu. Inakuhusu kwa ubinadamu, na inakuhusu kwa hesabu.

Leo tuzungumze juu ya mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni namna ya kulinda afya ya watu unaowapa kazi. La pili ni namna ya kupunguza gharama za matibabu yao.

TUPIGE HESABU

Chukua daftari na kalamu. Tuseme una shamba la pamba. Umeita vibarua 10. Kazi ya palizi itachukua siku 12. Zidisha 10 kwa 12. Utapata siku za kazi 120.

Sasa tuseme vibarua watatu wanaharisha kwa sababu ya maji machafu ya bwawani. Kila mmoja analala siku 5. Zidisha 3 kwa 5. Umepoteza siku za kazi 15. Hiyo ni zaidi ya siku nzima ya kundi lote.

Lakini hasara haiishii hapo. Majani hayamngojei mgonjwa apone. Yanazidi kumea na kunyonya mbolea ya mmea. Utatafuta vibarua wengine, na katika msimu wa palizi kila mtu anatafuta. Kibarua mgonjwa naye atakuja kukuomba fedha za dawa na nauli ya kwenda zahanati. Hata ukimnyima, atakwenda kukopa. Nyumbani kwake watoto watakula mlo mmoja. Msimu ujao ukimwita, hatakuja.

Sasa linganisha na gharama ya kuchemsha maji. Unahitaji kuni, sufuria, ndoo yenye mfuniko na kikombe. Gharama ipi ni kubwa? Weka bei za kijijini kwako, upate jibu mwenyewe.

HABARI YA MGODI WA LUANSHYA

Jambo hili si geni. Nchi ya Zambia zamani iliitwa Rodesia ya Kaskazini. Huko, mahali paitwapo Luanshya, kampuni ya Roan Antelope ilianza kujenga mgodi wa shaba katika miaka ya 1920. Mto ulipita karibu. Kulikuwa na mabwawa na matope mengi. Mbu walizaliana humo. Wafanyakazi waliugua malaria na kuhara, na wengi walikufa. Habari zilienea vijijini kuwa Luanshya ni mahali pa kifo. Watu wakakataa kwenda, na waliokwenda wakakimbia.

Mwaka 1929 wenye mgodi walimwita daktari aliyejua sana mambo ya malaria, Malcolm Watson. Mabwawa yalikaushwa kwa mifereji. Mto ulisafishwa ili maji yatembee. Maji yaliyotuama yalimwagiwa mafuta ili viluwiluwi vya mbu vife. Nyumba ziliwekwa nyavu. Watu walitumia vyandarua, na wagonjwa walipewa dawa ya kwinini.

Katika miaka 3 hadi 5, vifo na ugonjwa wa malaria vilipungua kwa kati ya asilimia 70 na 95. Maana yake, mahali palipokuwa na wagonjwa 100, walibaki kati ya 5 na 30 tu.

Wenye mgodi hawakufanya hivyo kwa huruma peke yake. Walitaka shaba, na mtu mgonjwa hachimbi shaba. Wala afya peke yake haimtoshi mfanyakazi. Mwaka 1935 wafanyakazi wa Luanshya walichukizwa na kodi iliyopandishwa. Waligoma, na sita kati yao waliuawa kwa risasi. Kwa hiyo tujifunze mambo mawili. Kukinga ni rahisi kuliko kutibu. Na mfanyakazi anataka haki pamoja na afya.

MAMBO SITA YA KUFANYA SHAMBANI

Huna fedha za kampuni ya mgodi. Huhitaji. Mambo haya sita yako ndani ya uwezo wako.

1. Maji safi ya kunywa. Chemsha maji mpaka yatokote. Yaache yapoe, kisha yafunike. Weka kata yenye mpini ili mikono isiingie ndani ya ndoo. Mtu anayelima juani anahitaji kikombe kimoja, yaani robo lita, kila baada ya dakika 20. Kwa saa moja ni vikombe 3. Kwa saa 6 ni lita nne na nusu. Watu 10 wanahitaji lita 45. Hizo ni ndoo mbili za lita 20, na kidogo zaidi. Usingoje waseme wana kiu. Wape wanywe.

2. Kivuli na saa za kazi. Anzeni saa 12 asubuhi kungali na ubaridi. Jua likiwa kali, pumzikeni chini ya mti. Rudini shambani alasiri. Mtu anayefanya kazi kwa ngwe hupenda kumaliza haraka bila kupumzika. Mwambie apumzike. Mtu akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu juani, mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mmwagie maji, mpe maji anywe. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka au akizimia, usimnyweshe kitu. Endelea kumpoza kwa maji huku mkimkimbiza kwenye zahanati. Hiyo ni hatari ya kufa.

3. Choo na sabuni. Kama shamba liko mbali, chimba choo cha shimo karibu na shamba, lakini mbali na kisima na mto. Weka maji na sabuni. Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vyao, kisha wakachukua majembe na kuchimba vyoo. Kazi ile haikuisha. Choo cha nyumbani hakimsaidii mtu aliye shambani kutwa nzima.

4. Chandarua. Vibarua wengine wanatoka mbali na hulala kambini au kwenye kibanda chako. Mbu wa malaria huuma usiku. Hakikisha kila anayelala kwako ana chandarua chenye dawa, na kwamba hakina matundu. Mtu akipata homa, asingoje. Aende zahanati siku hiyo hiyo akapimwe damu. Akikutwa na malaria, ameze dawa zote alizopewa hata kama amepata nafuu siku ya pili. Malaria iliyotibiwa mapema humrudisha mtu kazini upesi. Iliyocheleweshwa humpeleka hospitali ya wilaya, na huko gharama ni kubwa. Wengine hawarudi.

5. Sumu ya wadudu. Hapa wengi wetu tunakosea. Tunampa kijana bomba la kupulizia, naye hana viatu wala glovu. Sumu inayoua mdudu inaweza kumwua mtu pia. Haiingii kwa mdomo tu. Hupita kwenye ngozi na kwenye pumzi. Mpe mpuliziaji viatu vya mpira, glovu, suruali ndefu, shati la mikono mirefu na kitu cha kuziba pua na mdomo. Apulizie upepo ukiwa mtulivu, naye asiuelekee. Asile wala asivute sigara akiwa kazini. Akimaliza, aoge kwa sabuni, na nguo zake zifuliwe peke yake. Usimpe kazi hiyo mama mjamzito wala mtoto. Chupa tupu usiitumie kuwekea maji wala mafuta ya kula, hata ukiiosha. Isuuze mara tatu, itoboe, kisha umwulize bwana shamba pa kuipeleka.

Dalili za mtu aliyepata sumu ni kutokwa na mate na jasho jingi, kutapika, kutetemeka, kuona vibaya na kupumua kwa shida. Mvue nguo zenye sumu, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, umpeleke zahanati mbio. Usimtapishe. Beba chupa ya sumu ili mganga asome maandishi yake. Hapa utaona faida ya kujua kusoma.

6. Kichocho na majeraha. Wanaolima mpunga husimama majini. Katika maji hayo huishi konokono wanaotoa vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo hupenya ngozi. Huwa vingi zaidi mchana jua likiwa kali. Mpe mtu wako viatu virefu vya mpira ukiweza, na mkataze kila mtu kukojoa au kujisaidia ndani ya maji. Mtu akikojoa damu, au akiharisha damu, aende zahanati. Dawa yake ipo, na hutolewa kwa kipimo cha urefu au uzito wa mtu. Tena, weka kisanduku cha huduma ya kwanza chenye sabuni, bendeji na kitambaa safi. Kidonda cha jembe kioshwe mara moja. Mwenye kidonda kirefu aende zahanati, na aulize juu ya chanjo ya pepopunda.

KUPUNGUZA GHARAMA SI KUMNYIMA MGONJWA

Wako waajiri wanaopunguza gharama kwa njia mbaya. Kibarua akiugua, wanamfukuza. Akiumia kazini, wanamkata ujira. Wengine husema: "Aliyekatwa na jembe ni mzembe."

Matokeo yake ni nini? Vibarua huficha ugonjwa. Mwenye kuhara anaendelea kuchota maji kwa kikombe cha wote, na kesho wanaharisha watano. Mwenye homa anaanguka shambani. Ulidhani umeokoa fedha ya vidonge, kumbe umenunua gharama ya gari la wagonjwa.

Njia nzuri ni hii. Kabla ya kazi kuanza, kaa na vibarua wako. Waambie: "Anayejisikia vibaya aseme mapema." Patana nao mbele ya mashahidi nani atalipa nini mtu akiumia kazini. Andika mapatano hayo kwenye daftari, na kila mmoja atie sahihi yake. Usimwambie mtu atie dole gumba wakati anajua kuandika jina lake.

Pia waulizeni viongozi wa kijiji na wahudumu wa afya juu ya bima ya afya. Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Maana ya bima ni kuchanga kidogo ukiwa mzima ili upate matibabu ukiwa mgonjwa. Chama chenu cha ushirika kinaweza kulijadili jambo hili katika mkutano mkuu. Kinaweza pia kununua viatu vya mpira na glovu kwa wingi, na wanachama wakaazimana kwa zamu. Mtu mmoja akishindwa kununua jozi tano za viatu, watu ishirini hawatashindwa.

SHERIA INASEMAJE?

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Sheria hiyo inamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi pawe salama. Vifaa vya kumkinga mfanyakazi hutolewa na mwajiri bila kumtoza mfanyakazi. Tena iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Chini yake uko mfuko ambao waajiri huuchangia, ili mfanyakazi anayeumia au kuugua kwa sababu ya kazi alipwe fidia. Mchango huo haukatwi katika mshahara wa mfanyakazi.

Kama una mtoto anayefanya kazi katika shamba kubwa la mkonge, chai au miwa, mweleze habari hii. Na akiumia kazini, atoe taarifa mara moja na aandikiwe. Jeraha lisiloandikwa ni vigumu kulidai.

NENO LA MWISHO

Ndugu msomaji, ng'ombe wa kulimia akichechemea, humfungi jembe siku hiyo. Unamtazama kwato, unamtoa mwiba, unamnywesha maji. Je, mtu atakuwa chini ya ng'ombe?

Msimu huu, kabla hujanoa majembe, chemsha maji. Chimba choo. Tafuta viatu vya mpuliziaji. Ndipo uwaite vibarua.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Msimu uliopita, ni siku ngapi za kazi zilipotea shambani kwako kwa sababu ya ugonjwa? Piga hesabu kama tulivyofanya juu.
2. Vibarua wa kijijini kwenu hunywa maji ya wapi wawapo shambani?
3. Nani hupulizia sumu katika mashamba yenu? Huvaa nini?
4. Kikundi chenu kinaweza kununua kifaa gani kwa pamoja kabla ya msimu ujao? Andikeni jina la kifaa, bei yake, na nani atakitunza.