Ubao wa Bei Hautaji Chumvi

Saa saba mchana, mabenchi ya mama lishe jirani na kituo cha mwendokasi Gerezani, Kariakoo jijini Dar es Salaam, yanajaa mafundi, wapagazi na wenye maduka. Ubao unasema wali maharage, wali nyama, ugali samaki, na bei zake. Hatua chache mbele, chipsi zinakaangwa kwenye karai la mafuta yaliyokwisha kuwa meusi. Mteja anaona bei tu.

Soda iliyo mezani ina lebo: sukari iliyomo, mtengenezaji, mwisho wa matumizi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulipotoka Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda Shirika la Viwango Tanzania (TBS), shirika hilo ndilo linalobeba jukumu la vyakula vilivyofungashwa na lebo zake. Sahani ya moto haina lebo, nayo ndiyo inayowalisha watu wa Kariakoo kila siku ya kazi.

Jambo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban watu 9 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, na 26 wana shinikizo la juu la damu. Wengi wao hawajijui, na wapo wanaokula nje.

Kwingine wamejaribu kumjulisha mlaji: New York ililazimisha migahawa yenye matawi mengi kuandika kalori mwaka 2008. Marekani nzima ikafuata 2018, kwa yenye matawi 20 au zaidi. England ikaja 2022, kwa kampuni zenye wafanyakazi 250 na kuendelea. Matokeo yake ni ya kiasi: mapitio ya tafiti yaliyotolewa 2025 yalionyesha mlo wa kalori 600 hupungua kalori 11 hivi.

Kwa hiyo sitaki bwana afya amfuate mama lishe na hesabu za kalori, atamwonea bure. Migahawa mikubwa yenye matawi mjini ianze, ina uwezo. Kwa vibanda, yatosha mambo mawili yaandikwe ubaoni: mafuta ni ya aina gani na yamebadilishwa lini. Hayo mpishi anayajua bila maabara.

Nawe msomaji, usingoje kanuni. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Ukiagiza chipsi leo, uliza mafuta ni ya lini, na chumvi omba uwekewe pembeni.